Kusoma sheria ya mabenki ukiwa Lubumbashi: mwongozo wa kuanzia kwenye karatasi ya mkopo

Mama mmoja anayeuza vitenge soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, alinifuata siku moja na karatasi nne zilizokunjwa ndani ya bahasha ya kaki. "Mutoto yangu," akaniambia, "banisema riba ni quatre pour cent tu, asilimia nne. Sasa mia sita na makumi mbili inatoka wapi?" Wakati huo nilikuwa nimeshafaulu somo la sheria ya mabenki chuoni. Silabusi yake ningeweza kuisema kwa moyo huku nakula bukari. Nilijua benki ni nini machoni pa sheria, nilijua kibali kinatolewa na nani, tarehe zote nilikuwa nazo kichwani. Hesabu ya mama ikanishinda.

Tangu siku ile nimebadili namna ya kusoma, na ninachoandika hapa ndiyo njia ninayowapa wadogo zangu wanaosomea sheria au uchumi, pia wafanyakazi wa dirishani wanaotaka kupanda, na wajumbe wa kamati za kopeki, yaani vyama vya kuweka na kukopa. Silabusi huanza juu, kwenye Benki Kuu, ikashuka taratibu, na mara nyingi mwaka unaisha kabla haijamfikia mtu. Sisi tuanze chini, kwenye karatasi, tupande. Jipe miezi sita, jioni mbili kwa wiki.

Hatua ya 1: karatasi moja ya kweli na kalkuleta

Tafuta mkataba mmoja wa mkopo uliotiwa saini. Si mfano wa kitabuni. Muulize shangazi, muulize jirani mwenye duka, na mwenyewe akikubali piga fotokopi kisha ufunike majina na namba za simu kwa wino mweusi. Usome mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili zungushia kila tarakimu. Mara ya tatu pigia mstari kila mahali mkopeshaji anapojipa uwezo wa kufanya jambo. Kwa Kifaransa utakuta neno "peut" au "se réserve le droit". Hiyo mistari ndiyo mkataba wenyewe, mengine mengi ni salamu.

Sasa hesabu. Mkataba wa mama ulitoka kwa shirika moja la mikopo midogo na ulisema hivi: mkopo dola 500, miezi sita, riba asilimia 4 kwa mwezi, ada ya faili asilimia 3, na akiba ya lazima asilimia 10 inayorudishwa mwisho. Siku ya kuchukua pesa, shirika lilikata dola 15 za faili na dola 50 za akiba. Mama akaondoka dirishani na 435. Riba ilipigwa juu ya zile 500 nzima kila mwezi, hata mwezi wa sita ambapo deni la mtaji lilikuwa limebaki kama 83 tu. Kwa hiyo kila mwezi alilipa 83.33 za mtaji na 20 za riba, jumla 103.33. Mara sita ni 620. Ndiyo mia sita na makumi mbili yake.

Usiishie hapo, maana hapo wengi hufunga daftari. Ametoa 620, atarudishiwa 50, alipokea 435. Mkopo umemgharimu dola 135. Ukiingiza malipo hayo kwenye programu ya majedwali na kutumia kazi ambayo kwa Kifaransa inaitwa TRI, utaona kwamba riba ya kweli ni karibu asilimia 9 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 4. Hakuna aliyedanganya tarakimu hata moja. Riba kupigwa juu ya mtaji wote badala ya deni lililobaki peke yake kunaipandisha 4 hadi karibu 6.5, ada na akiba zinamalizia safari.

Ukishaijua hesabu, ndipo ufungue sheria, na utaisoma kwa njaa. Utakutana na agizo la 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambalo ndilo Kitabu cha Tatu cha sheria yetu ya madai. Kifungu cha 33 kinasema mikataba iliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioifanya. Mwanafunzi mvivu anasimama hapo na kumwambia mama, "ulisaini." Endelea hadi kifungu cha 131 bis, kilichoingizwa mwaka 1959: mkopeshaji akitumia shida, udhaifu au ujinga wa mkopaji kujipatia riba inayozidi waziwazi riba ya kawaida, mkopaji anaweza kumwomba hakimu ampunguzie. Kuna ulinzi, basi, ila una milango miwili migumu. Lazima uonyeshe kwamba udhaifu wa mtu ulitumiwa, na lazima uonyeshe riba ya kawaida ni ipi. Ya nani? Ya benki ya katikati ya mji, au ya mashirika ya mikopo midogo yanayomhudumia mama wa sokoni? Ukilijibu swali hilo kwa kurasa kumi zilizofikiriwa, umeshajifunza kuliko muhula mmoja.

Hatua ya 2: jenga ngazi, na uiandike ukutani

Chukua karatasi kubwa, ile ya kufunikia daftari, uchore ngazi.

Juu kabisa Katiba ya 18 Februari 2006. Vifungu viwili vinakuhusu kuliko vingine. Cha 170 kinasema falanga ya Kongo ndiyo pesa ya nchi na ina nguvu ya kulipa deni popote nchini. Cha 176 kinaipa Benki Kuu kazi zake: kutunza pesa za serikali, kulinda uthabiti wa sarafu, kuendesha siasa ya fedha, kudhibiti shughuli zote za kibenki, na kuishauri serikali; kisha kinasema kwamba katika kazi hizo inajitegemea. Soma kifungu cha 170 asubuhi, halafu mchana pita mjini uangalie bei za nyumba za kupanga na mikataba ya mikopo zimeandikwa kwa pesa gani. Pengo hilo kati ya kifungu na dola utakutana nalo kila ukurasa.

Chini ya Katiba weka OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja. Mkataba wake ulitiwa saini Port-Louis tarehe 17 Oktoba 1993, na kwetu unafanya kazi tangu 12 Septemba 2012. Kifungu chake cha 10 kina uzito: sheria zake za pamoja zinatumika moja kwa moja katika kila nchi mwanachama, na sheria ya nchi inayopingana nazo inarudi nyuma. Mwenye kesi ya dhamana au ya kukamata mali anaanzia huko, na neno la mwisho linatolewa na mahakama ya pamoja iliyoko Abidjan.

Kisha sheria za Bunge. Hapa kuna familia ndogo ambayo lazima uijue kwa majina. Sheria n° 22/069 ya 27 Desemba 2022 inahusu shughuli na udhibiti wa taasisi za mikopo. Pacha wake aliyezaliwa siku hiyohiyo, n° 22/068, anahusu utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi. N° 18/027 ya 13 Desemba 2018 inapanga Benki Kuu yenyewe. N° 18/019 ya 9 Julai 2018 ni ya mifumo ya malipo. N° 11/020 ya 15 Septemba 2011 ni ya mikopo midogo, na ya kopeki ni n° 002/2002 ya 2 Februari 2002.

Chini yake yanakuja maelekezo ya Benki Kuu, yale yanayoitwa "Instruction" na kupewa namba. Na chini kabisa, karibu na sakafu, mkataba wa mama.

Hatua ya 3: hakikisha sheria bado iko hai

Hii nimeilipia kwa aibu. Mwaka 2023 nilikuwa kwenye mafunzo ya kazi, nikaagizwa kuandika maoni ya kurasa tano kuhusu kibali cha taasisi moja. Nilikesha. Nikanukuu sheria n° 003/2002 ya 2 Februari 2002 mara kumi na moja, kwa ufasaha. Mkubwa wangu alisoma ukurasa wa kwanza, akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya namba ile neno moja: "Marehemu." Ilikuwa imeshapewa mrithi tangu Desemba. Silabusi niliyonunua chuoni haikujua, na mimi sikuiuliza.

Kwa hiyo tengeneza daftari la tarehe lenye safu nne: namba ya sheria, tarehe, imefuta nini, imefutwa au kubadilishwa na nini. Kila unapofungua sheria mpya, anza kuisoma kwa nyuma. Vifungu vya mwisho ndivyo vinavyotaja sheria zilizofutwa na muda ambao taasisi zimepewa kujirekebisha. Wanafunzi hawavipendi, ila wakili mzuri huenda huko kwanza. Kwa maandishi yenyewe, tovuti ya Leganet ina hazina kubwa ya sheria za Kongo bila malipo, tovuti ya Benki Kuu inaweka maelekezo yake, na sheria za OHADA zinapatikana bure pia. Ukiona fotokopi inauzwa kwenye meza ya barabarani karibu na chuo, nunua kama unataka, lakini linganisha tarehe kabla ya kuiamini.

Hatua ya 4: maelekezo ya Benki Kuu, na hesabu yanayotaka

Sheria ya Bunge inasema benki lazima iwe na mtaji wa kutosha. Kutosha ni kiasi gani? Jibu liko kwenye maelekezo, hasa n° 14 inayohusu kanuni za uendeshaji wa tahadhari, na n° 16 inayohusu namna ya kupanga mikopo mibovu na kuitengea akiba ya hasara. Wanasheria wengi huyakimbia kwa sababu yana majedwali. Kaa nayo. Kama hujui kusoma mizania, tafuta rafiki wa kitivo cha uchumi, mbadilishane: yeye akufundishe mizania, wewe umfundishe mkataba.

Ili uelewe mantiki, chukua kanuni ya zamani ya Basel, makubaliano ya kimataifa ya wadhibiti wa mabenki ya mwaka 1988: kwa kila 100 za mali iliyopimwa kwa hatari, benki iwe na 8 za mtaji wake yenyewe. Tuseme benki imekopesha makampuni dola milioni 100 na ina mtaji wa milioni 8. Mikopo ya milioni 5 ikafa. Hasara inakula mtaji kwanza. Unabaki 3 dhidi ya mikopo ya 95, kama asilimia 3.2. Mwenye amana hajapoteza hata senti, mlango uko wazi, mlinzi anasalimia kama kawaida. Lakini kwa jicho la mdhibiti benki hiyo ni mgonjwa. Ili irudi kwenye 8 lazima wenye hisa walete milioni 4.6 mpya, au ipunguze mikopo hadi milioni 37.5, yaani iwanyime pesa wafanyabiashara wengi ambao hawakukosa lolote. Ukiuelewa mfano huu umeelewa kwa nini mdhibiti anahangaika na asilimia.

Sasa ilete nyumbani. Haut-Katanga inaishi kwa shaba na kobalti. Benki ya hapa inaweza kuwa na wakopaji mia mbili tofauti, wa malori, wa vyakula vya kambi, wa ulinzi, wa vipuri, na wote wanalipwa na migodi ileile. Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Jiulize kama wewe ndiye mkaguzi: wakopaji mia mbili hao ni hatari mia mbili, au ni hatari moja yenye majina mia mbili? Kisha rudi kwenye maelekezo utafute kanuni za mgawanyo wa hatari, uone zinamhesabuje mteja mmoja na kundi la wateja waliofungamana, na kama mazoea ya mji wetu yanaingia vizuri ndani ya maneno hayo. Mimi naona yanaingia nusu.

Jambo la pili la nyumbani ni dola. Sehemu kubwa ya amana katika mabenki yetu ni dola. Vitabu vya Ulaya husema benki ikikosa ukwasi, yaani pesa za kulipa papo hapo, hukimbilia benki kuu, ambayo ni mkopeshaji wa mwisho. Benki Kuu ya Kongo inachapa falanga, dola haichapi. Kila unaposoma ukurasa wa kigeni kuhusu mkopeshaji wa mwisho, andika pembeni: "kwa pesa gani?"

Hatua ya 5: dhamana, ndipo kesi zilipo

Hapa kaa mwezi mzima. Kesi nyingi za mikopo hazigombani kama pesa ilikopwa. Zinagombana nani mwingine atalipa.

Anza na mdhamini, kile ambacho Kifaransa kinaita "cautionnement". Sheria ya pamoja ya OHADA kuhusu dhamana, iliyorekebishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inasema kwenye kifungu cha 14 kwamba udhamini hauwezi kudhaniwa. Lazima kuwe na maandishi yenye saini ya mdhamini na ya mkopeshaji, na mdhamini mwenyewe aandike kwa mkono wake kiasi cha juu anachodhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Vikitofautiana, maneno yanashinda. Asiyejua au asiyeweza kuandika anasaidiwa na mashahidi wawili.

Chukua tena mkataba wako. Geuza hadi ukurasa wa mdhamini. Kiasi kimeandikwa kwa mkono, au kimepigwa chapa pamoja na mengine yote na chini kuna saini tu iliyopinda? Kwenye karatasi za mama, shemeji yake alikuwa mdhamini. Kila kitu kilikuwa chapa. Sehemu pekee iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa jina lake, kwa herufi kubwa, na moja ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya. Nilimwonyesha kidole mahali ambapo kiasi kilipaswa kuwa. Hakuwa amewahi kuambiwa aandike chochote. Hapo ndipo kifungu kiliacha kuwa namba kichwani mwangu.

Ujue pia kwamba chini ya sheria hiyohiyo udhamini huchukuliwa kuwa wa pamoja na mkopaji isipokuwa wahusika wameamua vinginevyo. Maana yake mkopeshaji hahitaji kumaliza mali ya mkopaji kwanza ndipo amfuate mdhamini. Watu wetu hudhani mdhamini ni shahidi wa tabia njema. Siyo.

Baada ya mdhamini, ardhi. Kwa sheria n° 73-021 ya 20 Julai 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Dola, yaani ya nchi yenyewe. Mwananchi anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inasimama imara inapokuwa na hati ya usajili, "certificat d'enregistrement". Rehani inaandikwa juu ya hati hiyo. Sasa tembea Katuba au Ruashi uulize watu wana karatasi gani ya kiwanja. Wengi watakuonyesha karatasi ya mtaa, ya komuni, risiti ya muuzaji yenye mashahidi. Mkopeshaji anayeifungia karatasi hiyo kwenye droo yake ameshika karatasi, nyumba hajaishika. Anajua. Anaichukua kwa sababu ya hofu inayomtia mkopaji, na hilo ni somo la sheria pia, ingawa halimo kwenye silabusi.

Mwisho wa hatua hii, mke na mume. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa matendo ya kisheria. Marekebisho ya 15 Julai 2016, sheria n° 16/008, yaliondoa ruhusa hiyo na kuweka makubaliano ya wote wawili wanapojifunga. Kwa hiyo fomu inayodai saini ya mume peke yake, na kumwacha mume akope bila kumuuliza mke, imesoma nusu ya sheria. Tafuta fomu mbili, ya mteja mwanamume na ya mteja mwanamke, uzilinganishe. Zoezi la nusu saa tu, na linaweza kukupa mada ya memwari, kazi yako ya kuhitimu chuoni.

Ukishamaliza dhamana, pitia sheria ya OHADA ya kukamata mali, iliyorekebishwa hapa kwetu Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023. Angalia hasa wajibu wa benki pale akaunti ya mteja inapokamatwa na mdai: benki inapaswa kutangaza ina nini, na ikizubaa inaweza kujikuta inadaiwa yenyewe.

Hatua ya 6: simu, kambisti, na pesa chafu

Hatua fupi kwa sababu hapa mitaa itakufundisha. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012. Mwaka mmoja kabla, Benki Kuu ilikuwa imetoa maelekezo n° 24 kuhusu pesa za kielektroniki. Soma hayo pamoja na sheria ya malipo ya 2018, huku ukiuliza swali moja tu: pesa ninayoiona kwenye simu yangu, iko wapi usiku huu, na kampuni ikifilisika ni ya nani? Ukipata jibu kwa kifungu, umeelewa.

Kuhusu pesa chafu, soma n° 22/068 pamoja na kazi za CENAREF, kitengo kinachopokea taarifa za miamala ya kutiliwa shaka. Oktoba 2022 Kongo iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya GAFI, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa cha kupambana na pesa chafu, na sheria hiyo ikatoka miezi miwili baadaye. Kisha kaa nusu saa karibu na kambisti, yaani mbadilisha pesa wa barabarani, mwenye matofali ya noti mezani, uandike ni maswali gani anamuuliza mteja. Usimwulize yeye chochote, atakuchukia na atakuwa na haki. Linganisha orodha yako na ile ambayo sheria inaidai benki iliyo mita hamsini kutoka pale.

Hatua ya 7: soma mabenki yaliyougua

Mwanafunzi wa udaktari hupelekwa chumba cha maiti. Wa sheria ya mabenki anahitaji kesi za benki zilizoanguka au kufungwa.

Ya kwanza BIAC, mwaka 2016. Ilikuwa miongoni mwa mabenki makubwa nchini. Watu walipangiwa kiasi cha kutoa, foleni zikarefuka, Benki Kuu ikaiweka chini ya usimamizi wa muda. Kusanya matangazo ya wakati ule, uyapange kwa tarehe, na kwa kila moja uandike: Benki Kuu ilikuwa na uwezo gani kwa sheria ya siku ile, na leo, chini ya n° 22/069, ingefanya nini tofauti?

Ya pili iko mbali na Lubumbashi lakini inatuhusu sote. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, Bukavu ikafuata Februari. Mabenki yalifunga. Watu wenye mishahara na amana halali wakabaki na pesa kwenye skrini, wakikimbilia simu na mawakala waliokata kile walichotaka. Kwa mwanasheria maswali yanamiminika. Kufunga tawi kwa sababu ya vita kunaiondolea benki wajibu wa kulipa amana, au kunauahirisha tu? Tarehe ya marejesho ya mkopaji inaendelea kuhesabiwa wakati dirisha la kulipia limefungwa? Riba ya kuchelewa je? Nenda kwenye kanuni za nguvu isiyozuilika ("force majeure") katika Kitabu cha Tatu, ujaribu kujibu kwanza kama wakili wa benki, kisha kama wakili wa mwalimu wa shule wa Goma. Ukiona majibu yote mawili yanakuja kwa urahisi, hujasoma vya kutosha.

Ya tatu ivuke mpaka, maana benki za nchi ya Kenya tunazo hapa: Equity ilinunua ProCredit mwaka 2015 na baadaye BCDC, na KCB ilichukua TMB, iliyozaliwa Lubumbashi, mwishoni mwa 2022. Mwaka 2016 Bunge la Kenya liliweka kikomo cha riba, pointi nne juu ya kiwango cha benki kuu yao. Wananchi walishangilia. Mabenki yakapunguza kuwakopesha wafanyabiashara wadogo na kuelekea dhamana za serikali. Novemba 2019 kikomo kikaondolewa. Weka kisa hicho kando ya mkataba wa mama kabla hujaandika popote kwamba "serikali iweke kikomo." Pengine bado utaandika hivyo, lakini utaeleza nani atabaki nje ya mlango.

Hatua ya 8: lugha, memwari na benchi la nyuma

Maandishi yetu ya sheria ni ya Kifaransa, na mtihani ni wa Kifaransa. Hata hivyo, kila wiki chukua kifungu kimoja ukieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyesoma sheria, bila kuchomeka neno la Kifaransa. Mimi nilijaribu "garantie autonome", dhamana inayojitegemea, kwa kaka yangu fundi magari na nikagundua kwamba nilikuwa nimekariri tu. Neno amana, neno rehani, neno mdhamini, neno ukwasi: yapo, yana kazi. Pale yasipokuwepo, eleza kwa sentensi nzima.

Kwa memwari, kata mada hadi iingie mkononi. "Udhibiti wa mabenki Kongo" ni jangwa. "Maandishi ya mkono ya mdhamini katika mikataba ishirini ya mikopo midogo, komuni ya Kenya" ni kazi ya miezi minne inayowezekana, na profesa hatakuuliza uliitoa kwenye kitabu gani. Omba ruhusa za wenye mikataba kwa maandishi, ficha majina, weka fotokopi mahali pakavu. Masika ya hapa hayana huruma na karatasi.

Na tangu mwezi wa pili, usingoje wa sita, nenda mahakama ya biashara siku ya vikao. Ni vya wazi, huhitaji barua ya mtu. Kaa nyuma, zima simu, beba daftari la tarehe. Andika namba ya kesi, deni, aina ya dhamana, na kifungu ambacho kila wakili ametaja. Mara kwa mara utasikia mtu akitaja kwa kujiamini sheria ya mwaka 2002. Angalia uso wa hakimu.

Mama wa vitenge alilipa mkopo wake hadi mwisho. Alirudi kudai zile dola 50 akiwa na karatasi niliyomwandikia hesabu, akapewa baada ya kuzungushwa mara mbili. Wiki iliyofuata alikuja na bahasha nyingine ya kaki, mkataba mpya, haujasainiwa bado, na kabla hajakaa akaniuliza: "Riba yake banapiga juu ya nini?"